Mgomba Unaotembea

Tulikuwa watu kumi ndani ya Noah ya watu wanane, na kwa Noah za Arusha hiyo ni nafasi ya kutosha. Aliyelalamika ni mwalimu mstaafu peke yake, kwa kuwa alipakatishwa kiriba cha mparachichi usio wake tangu Sakina mpaka Tengeru.

Sisi ni watu wa bustani za mjini. Mmoja ana ukoka anaoukata kila Jumamosi, mwingine mawaridi, mwingine ana kitalu cha miche kando ya barabara. Mimi nina kiwanja kidogo Njiro, chenye bogenvilia ukutani na sukumawiki ndani ya matairi. Mara mbili kwa mwaka tunachangishana mafuta ya gari tukaangalie kazi ya mikono ya wengine. Mwaka juzi tulikwenda mbali, mpaka Amani kule Usambara Mashariki, juu ya Muheza, kwenye bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Tuliona mikwinini na miti ya mpira, na mingine iliyoletwa kwa meli kutoka pembe zote za dunia ili ijaribiwe kama itazaa faida. Mti mmoja kati ya wageni hao, Maesopsis, ulikataa kukaa ulipowekwa. Umeingia msituni na unasukumana na wenyeji hadi leo. Mwenzetu wa kitalu alijaza daftari zima majina ya Kilatini.

Tulipokuwa tunarudi, saa ya tisa ndani ya gari, mwalimu akauliza swali lililotuudhi wote. Kama tunatafuta bustani ya kale, alisema, kwa nini tunakwenda Muheza ilhali tunalala chini ya Mlima Meru?

Ndiyo maana Jumamosi moja ya Julai, ukungu ukiwa umeshuka mpaka kwenye nguzo za umeme, tulikata kushoto pale Tengeru, tukajipenyeza katikati ya watu wa soko, tukapanda kuelekea Akheri kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, cha bibi wa mwenzetu mmoja, dada wa benki. Mlima wenyewe haukuonekana. Barabara ilipokwisha tukashuka, tukamfuata dada kwenye njia ya miguu kati ya majani yaliyolowa, na mwenzetu wa mawaridi akauliza kwa sauti, "Sasa hiyo bustani iko wapi?"

"Mmekuwa mkiikanyaga tangu pale kwenye masale," akajibu bibi. Hatukuwa tumemwona. Alikuwa amesimama chini ya mgomba, panga mkononi, kitenge kimefungwa juu ya sweta, mabuti ya mpira miguuni. Tukamwamkia kwa pamoja kama wanafunzi, shikamoo bibi, akaitikia marahaba moja ya kututosha wote.

Nilihitaji muda kabla macho yangu hayajakubali kwamba kile si kichaka. Juu kabisa kulikuwa na mringaringa mkubwa, migrivea kadhaa, na mparachichi wa kienyeji wenye matawi yaliyolegea. Chini yake migomba, majani yake yakipasuka kwa upepo. Chini ya migomba, kahawa. Chini ya kahawa, magimbi kwenye sehemu yenye majimaji, maharage kwenye sehemu inayopata jua. Pembeni banda la ng'ombe wawili wanaolishwa humo humo, na samadi yao inarudi kwenye mashina yaliyowalisha. Mwanga ulifika ardhini ukiwa umechujwa mara tatu au nne, na bado kila mmea ulipata sehemu yake. Fundi anayejenga nyumba ya ghorofa nne huwa na ramani. Bibi huyu hana hata kipande cha karatasi.

Kabla ya chai alitaka amalize shina alilokuwa ameanza. Tukasogea.

Mgomba, kwa asiyeujua, hauzai mara mbili. Kinachoonekana kama shina ni majani yaliyoviringana. Ukitoa mkungu mmoja, kazi yake imekwisha, unakatwa. Uhai uko chini, kwenye tunguu, ambalo linatoa machipukizi pembeni. Ukiyaacha yote utapata kichaka cha vijiti vinavyogombania chakula na mikungu ya kumlisha kasuku. Ukiyaondoa yote umeua ukoo. Mafundi wengi huacha vizazi vitatu: mama mwenye mkungu, binti anayemfuata, mjukuu anayechungulia. Hilo tulilijua. Ni jambo linaloelezwa kwa dakika moja, na maofisa ugani wamelieleza mara elfu.

Bibi akampa panga mwenzetu wa kitalu. "Haya, wewe ndiye fundi wa miche. Nichagulie mjukuu."

Palikuwa na machipukizi matano. Matatu yalikuwa membamba, majani yao yamekaza kama sime zilizochomekwa ardhini. La nne lilikuwa dogo mno. La tano lilikuwa zuri kweli kweli: fupi, nene, lenye majani mapana yaliyofunguka, rangi ya kijani isiyo na doa. Mimi ningelichagua hilo. Nadhani sote kumi tungelichagua. Mwenzetu akayafyeka mawili kati ya yale membamba bila kusita, na alipokuwa anainua panga kwa la tatu, bibi akamshika mkono.

"Unamwacha yule mnene?"

"Ndiye mwenye afya, bibi."

Akacheka. Meno yake yana ule uhudhurungi wa watu wengi waliokulia kwenye chemchemi za mlima huu. Mlima huu ni wa volkano, ulitoa majivu mara ya mwisho mwaka 1910, na maji yake yamebeba madini ya floraidi pamoja na rutuba. Hivi viwili havitenganishiki. Akachuchumaa, jambo ambalo magoti yangu hayawezi tena, akatutaka tuchuchumae naye.

"Mwangalieni," akasema. "Mtoto anayenyonya hana haraka ya kujitafutia. Huyu mwembamba ameshikana na mama yake chini huku, analishwa, majani ya nini? Huyu mnene hana mtu. Ameshikwa na ngozi tu. Kwa hiyo amefungua majani mapana mapema, ajilishe mwenyewe. Mtu akipita anasema, tazama alivyonenepa! Ni maji hayo."

Akachomeka mtaimbo kati ya lile chipukizi nene na tunguu, akaukandamiza kidogo kwa kiganja. Halikung'ang'ania hata kidogo. Lilitoka kama jino la mtoto. Kisha akamwonyesha mwenzetu lile jembamba lililosalimika, akamwambia alisukume kwa mguu. Alisukuma, akasukuma tena, likabaki limesimama. Sijawahi kumwona mtu yule akikosa la kusema. Alitoa daftari, nalo pia halikupata la kuandikwa.

Lakini hilo nalo ningeweza kulisoma kitabuni. Lililofuata ndilo lililonifanya nirudi nyumbani kimya.

Yale machipukizi membamba mawili yaliyofyekwa, bibi hakuyasikitikia sana. Moja, alisema, lingekwenda hata hivyo, kwa sababu lilikuwa upande wa kahawa. Hakueleza zaidi, kama vile amesema jambo lililo wazi. Dada wa benki ndiye aliyembana: bibi, upande una shida gani?

Bibi akanyoosha panga kuelekea kona ya nyumba, palipo na tanki la maji. "Shina hili, nilipoletwa hapa kuolewa, mwaka wa Azimio la Arusha, lilikuwa pale."

Tukageuka kutazama tanki. Mwalimu, ambaye kazi yake ilikuwa hesabu, akaenda mpaka pale akarudi akihesabu hatua. Kumi na mbili.

Tunguu halihami. Lakini binti huota pembeni mwa mama, shubiri moja hivi, na mjukuu pembeni mwa binti, na mama akikatwa, shina limesogea. Ukichagua upande wowote bila kufikiri, baada ya miaka migomba yako itakuwa imegongana, imeikalia kahawa, imesimama mlangoni. Bibi amekuwa akichagua upande tangu mwaka 1967. Mwalimu alipiga hesabu kwa kijiti ardhini: mwaka na nusu kwa kizazi, shubiri kwa kizazi, ikatoka karibu vizazi arobaini, na hatua zake kumi na mbili zikakaa vizuri mahali pake. Shina limetoka kwenye kona ya nyumba, likapita kando ya kaburi la baba mkwe wake bila kulikanyaga, likazunguka mringaringa, na sasa linaelekea kwenye sehemu tupu palipong'olewa miti ya kahawa ambayo matunda yake yalimalizwa na chulebuni. Kulikuwa na mashina mengine mawili ambayo, miaka ya nyuma, yalikuwa yanakutana uso kwa uso. "Nikayaamua," alisema, kwa sauti ya mtu aliyesuluhisha ugomvi wa ndoa.

Aina ile ni mchare, ndizi ya kupika ya milima hii. Haina mbegu. Kila shina ni mwili ule ule uliokatwa na kuendelea, kwa hiyo mgomba uliokuwa mbele yetu ndio ule ule wa siku ya harusi yake, na wa kabla ya hapo, ingawa hakuna jani wala mzizi ndani yake wenye umri wa miaka mitatu. Kule Amani tulioneshwa miti yenye zaidi ya miaka mia na tukaambiwa tusiguse. Hapa cha kale kinakatwa kila juma.

Wameru wamekuwa wakifanya hivi kwa karne kadhaa. Waarusha, waliofika upande wa magharibi wa mlima miaka ya 1830, wakautwaa mgomba kutoka kwa majirani zao. Ustadi huu wa kubana mimea minne pahali pa mmoja una historia yake chungu pia. Wajerumani waliwagawia walowezi ardhi ya chini ya mlima, huku juu wakaweka mpaka wa hifadhi ya msitu, na Wameru wakabaki kwenye mkanda wa katikati, idadi yao ikiongezeka na mkanda ukibaki ule ule. Walipojitanua kwenda Engare Nanyuki, serikali ya Waingereza iliwatoa kwa nguvu mwezi Novemba 1951, watu wapatao 3,000, ili kupisha ranchi za walowezi. Mwaka uliofuata Mmeru mwenzao, Kirilo Japhet, alisafiri mpaka New York kulieleza shauri hilo mbele ya Umoja wa Mataifa. Ukijua hayo, hutazami tena kihamba kama mapambo. Kila shubiri iliyohesabiwa na bibi ilihesabiwa kwanza na watu ambao hawakuwa na nyingine ya kupoteza.

Sasa mkanda unabanwa na sisi wa mjini. Njiani nilihesabu kuta mpya saba, za tofali, zenye geti la chuma na ukoka ndani. Sisemi zaidi, kwa sababu wawili kati ya wenye ukoka wa namna hiyo tulikuwa nao kwenye gari.

Tulikunywa chai, tukala loshoro iliyochacha vizuri, mahindi na ndizi ndani ya mtindi. Bibi akatuonyesha vipande vya mgomba alivyovipasua na kuvilaza, tumbo chini, kando ya mashina. Fukusi huvifuata usiku kwa harufu, na asubuhi yeye hupita na kopo akiwaokota. Alifunua kimoja, tukaona weusi sita, wanajifanya wamekufa. Mfereji wa maji ulipita nyuma ya banda, siku hiyo ukiwa mkavu, zamu yao ni Jumanne. Mwenzetu wa mawaridi aliuliza kama hawezi kuvuta bomba tu. Anaweza, alisema bibi, na bomba analo. Lakini mtu wa bomba hakutani na jirani.

Tengeru hiyo hiyo, kilomita chache chini ya hapo, kwenye Taasisi ya Nelson Mandela, watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha kitropiki, wanahangaika kupata mchare unaostahimili mnyauko, kazi ya miaka mingi kwa mmea usiopenda kutoa mbegu. Nawaombea. Naomba pia wapate nafasi ya kupanda kilomita hizo chache wachuchumae.

Wakati wa kuaga bibi alinipa chipukizi moja, jembamba. Alilimenya tunguu lake kwa panga mpaka likawa jeupe kama kiazi, asinibebeshe mayai ya fukusi, akalifunga kwa jani kavu. Shimo, alisema, futi tatu kwa tatu, samadi debe mbili, liache majuma mawili kabla ya kupanda. Mwalimu akapakatishwa na hilo pia.

Nimelipanda Njiro mwanzoni mwa Agosti. Nilipolishusha shimoni nilikumbuka kuangalia kidonda cha pembeni, pale lilipotenganishwa na mama yake, kilikuwa upande gani, nikakielekeza ukutani ili binti atoke upande wa pili, kwenye uwanja. Kisha nikang'oa tairi mbili za sukumawiki zilizokuwa njiani. Kijana anayenisaidia kazi aliuliza zimekosa nini. Nikamwambia mgomba utapita hapo. Akaangalia chipukizi, akaangalia uwanja, akauliza, lini?