Wake wa Kipepeo Mmoja

Pembezoni mwa misitu ya Bukoba na Muleba, jua likichomoza baada ya mvua, hupita kipepeo mkubwa wa manjano ya samli, mabawa yamepakwa wanja, mikia miwili nyuma. Huyo ni dume. Mkewe humjui, hata akitua juu ya mbuni mbele yako. Hana mikia. Huyu mweusi mwenye mabaka meupe, yule wa rangi ya chungwa. Kila mmoja amemuigiza kipepeo mwingine mwenye sumu, ili ndege wamwogope.

Wataalamu wa Ulaya walidanganyika pamoja na ndege. Dume walimpa jina lake, na majike wakawapa majina yao, kila umbo spishi yake. Roland Trimen, mtumishi wa serikali huko Rasi ya Tumaini Jema, akajiuliza: mbona hawa ni madume matupu, na wale ni majike matupu? Tena kule Madagaska jike anafanana na dume, mikia na yote. Mwaka 1869 akaandika kwamba wote ni nyumba moja. William Hewitson, bingwa wa vipepeo Uingereza, hakukubali. Mayai ya jike yalipolelewa hadi viwavi wakaota mabawa, ubishi ukaisha. Leo wote ni Papilio dardanus.

Watu hudhani kuainisha ni kubandika majina. Mimi humwona mwainishaji kama mzee wa Kihaya anayepanga koo: sura haimtoshi, hukuuliza umezaliwa na nani, na mwiko wenu ni upi. Na mikono yake ni ya sonara. Bawa hulishika kwa kibano, maana ule unga unaobaki vidoleni ni magamba yenye rangi yenyewe. Spishi zikifanana mno, huchemsha ncha ya tumbo na kutazama viungo vya uzazi kwa hadubini. Kisha kikaratasi: mahali, mwinuko, tarehe. Bila hicho, kipepeo ni pambo tu la ukutani.

Kwa kazi ya namna hiyo Jan Kielland, Mnorwe, alitoa kitabu kizima cha vipepeo wa Tanzania mwaka 1990. Kimeandikwa kwa Kiingereza, lakini kuanza kuainisha hakungoji kitabu. Mwalimu wa Muleba unayesoma hapa, wape wanafunzi wako daftari na penseli, waanzie kwenye mlimau wa nyuma ya darasa, viwavi hawakosekani.