Kulainisha au Kubeba? Uhakiki wa Istilahi za Beringi za Utando

Katika Kiswahili cha gereji, beringi ni kitu chenye goroli ndani yake. Hata watoto wanaounda vigari vya mbao huijua hivyo. Ndiyo maana "beringi ya utando wa oili" humtatiza msomaji: hamna goroli, na shafti ikishika kasi huzunguka bila kugusana na chuma kinachoizingira. Hata hivyo, neno hilo la mkopo halina kosa, kwani neno la asili ambalo lingelifaa, egemeo, limekwisha kushikwa na somo la wenzo. Tatizo limo katika neno jirani, kilainishi.

Kitenzi lainisha hudokeza kuwa kazi ya oili ni kupunguza mikwaruzo tu. (Kiingereza nacho kina kasoro hiyo, neno lake limetokana na Kilatini lenye maana ya utelezi.) Majaribio ya Beauchamp Tower nchini Uingereza, aliyoyaripoti mwaka 1883, yalionesha zaidi ya hapo. Oili ilipanda kupitia tundu lililotobolewa juu ya beringi ya ekseli, na kizibo cha mbao kilichowekwa kuizuia kikasukumwa nje. Oili, basi, ndiyo iliyobeba mzigo. Osborne Reynolds alieleza sababu kihisabati mwaka 1886: shafti huivuta oili kuingia katika nafasi inayozidi kuwa nyembamba, na shinikizo hupanda. Umbo hilo ni kabari, neno ambalo kila mpasua kuni analijua na linalostahili kuingia darasani kabla ya mlinganyo wowote.

Kwa hiyo vyombo vya usanifishaji vingefanya vyema kukiacha kilainishi kwa oili na grisi za dukani, na kutumia "utando wa kubeba" katika usanifu wa mitambo. Haja hiyo huonekana wazi utando unapokuwa wa hewa, kama katika majaribio ya Albert Kingsbury ya mwaka 1897. Kusema hewa inalainisha chuma ni kulilazimisha neno. Kusema inakibeba kunaeleweka mara moja.

Mnato nao unahitaji ufafanuzi. Kwa msemaji wa kawaida, chenye mnato ni asali au gundi. Hewa pia ina mnato, mdogo sana, ambao huongezeka joto linapopanda, ilhali ule wa oili hupungua. Mwanafunzi asiyeelezwa tofauti hiyo atakosea kukadiria unene wa utando, na katika beringi za gesi unene wenyewe ni mikromita chache tu.