Geuka na Geuza: Uhakiki wa Vidhibiti vya Picha za Panorama

Mwaka 1787 mchoraji Robert Barker alipewa hataza kwa namna yake mpya ya kuchora mandhari yote katika ukuta wa mviringo, na mwaka 1793 jengo lake la maonyesho likafunguliwa Leicester Square, London. Mtazamaji aliingia kwa ujia wa giza, akapanda hata jukwaa la katikati, akajikuta amezungukwa na picha pande zote. Kidhibiti chake kilikuwa shingo yake mwenyewe. Alipotaka kuona upande wa kuume aligeuka kuume, wala hapakuwa na haja ya kuuliza kama aliyegeuka ni yeye au ni picha.

Kompyuta imelizusha swali hilo. Picha iliyokuwa ukutani sasa imo ndani ya kioo cha upana wa shibiri mbili, nayo haionekani ila kipande. Kitazamio kikifunua digrii 90 kati ya 360, robo tatu za mandhari zimefichika wakati wote, na mtazamaji ameketi, shingo yake haina kazi. Hapana budi apewe chombo badala yake: kipanya, kidole, vibonyezo vya mishale, au vitufe. Wengi huhesabu utengenezaji wa chombo hicho kuwa ni jambo dogo la mafundi. Lakini kosa lake aghalabu huonekana kwanza katika lugha, na kwa hiyo lawastahili uchunguzi wa wataalamu wa lugha pia.

Majibu mashuhuri ni mawili. La kwanza ni la QuickTime VR, programu ya kampuni ya Apple ambayo Shenchang Eric Chen aliieleza katika makala yake ya mwaka 1995. Mtumiaji alibonyeza kipanya na kukivuta kuume, na mtazamo ukaelekea kuume. Kadiri alivyokivuta mbali na mahali alipobonyeza, ndivyo mtazamo ulivyozidi mwendo. La pili ni lile ambalo watu wamelizoea katika Street View ya Google, iliyoanza tarehe 25 Mei 2007 kwa miji mitano ya Marekani. Hapo mtu huishika picha na kuiburuta: akivuta kuume, picha huja kuume, na mtazamo huelekea kushoto. Tendo la mkono ni lile lile, na matokeo yanapingana.

Kiingereza hukiacha kitendawili hiki bila jibu, kwa sababu kitenzi kimoja humtosha anayegeuka na anayegeuza kitu. Kiswahili hakitoi nafasi hiyo. Mtu hugeuka, lakini kitu hukigeuza. Huzunguka, na huzungusha. Husogea, na husogeza. Kauli ya kutendesha humlazimisha msemaji aamue kwanza ni nani anayekwenda. QuickTime VR ilikuwa chombo cha kugeuka, na Street View ni chombo cha kugeuza. Kitufe kilichoandikwa “Kushoto” peke yake huficha uamuzi huo. Kilichoandikwa “Zungusha kushoto” juu ya kitendo cha kumgeuza mtazamaji husema uwongo.

Lipi basi ni bora? Yule anayedai kwamba mojawapo ni la maumbile na jingine ni kosa amesahau jahazi. Mshika usukani husukuma kana kuume ili chombo kiende kushoto, naye hakosei, maana mkono wake umekwisha zoea. Mazoea yaweza kujengwa kwa njia yoyote, mradi isibadilishwe katikati ya safari. Hata hivyo vyombo havilingani. Kidole kinapogusa kioo cha simu huwa kimeigusa picha yenyewe, na picha inayokimbia kinyume cha kidole huonekana kuwa imeponyoka. Kwa kidole, kugeuza ndiko kunakofaa. Mshale wa kibodi, kwa upande wake, haugusi kitu katika picha. Ni amri apewayo mtazamaji, na mshale wa kuume sharti umgeuze kuume. Kitazamio kimoja chaweza kutumia kanuni zote mbili bila mgongano, ikiwa kila moja imewekwa mahali pake na jina lake limeandikwa sawasawa.

Kila kanuni ina gharama yake pia. Katika kugeuza, mtu avukaye kioo kizima kwa kidole huwa amesogeza takriban digrii 90, na ili amalize mzunguko itambidi arudie mara nne. QuickTime VR ilimpa mzunguko wote kwa mvuto mmoja mdogo, lakini ilimnyima uhakika wa kusimama pale alipokusudia.

Jambo jingine lisahauliwalo ni uhusiano wa mwendo na ukuzaji. Kioo chenye upana wa pikseli 900 kinapoonyesha digrii 90, kila digrii ina wastani wa pikseli 10. Mtu akikuza mpaka digrii 30, kila digrii inachukua pikseli 30. Kitufe kinachogeuza kwa mwendo ule ule wa digrii sasa hupitisha picha machoni kwa kasi mara tatu, na maandishi aliyokusudia kuyasoma humpita kabla hajayaona. Mwendo sharti upunguzwe kadiri upeo unavyopungua. Hapa tena neno lina kazi yake: ukuzaji hufinya upeo wa kuona bila kumwondoa mtazamaji mahali aliposimama. Kuandika “Karibia” kwenye kitufe hicho ni kumpa ahadi ya hatua ambayo hataipiga. “Kuza” ndilo neno la kweli. “Nenda mbele” liachwe kwa mishale ya Street View, ambayo kweli huhamisha mtu kutoka picha hata picha.

Kosa kubwa kuliko yote, hata hivyo, ni wingi wa viongozi. Vitazamio vingi huanza kuzunguka vyenyewe kabla mgeni hajagusa kitu. Gurudumu la kipanya, ambalo lingeshusha ukurasa, hutekwa likawa la kukuza. Na simu ikiinamishwa tu, mandhari nayo huinama. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Mzunguko wa kujiendesha wapaswa kusimama mara mkono unapogusa, na usianze tena bila kuombwa. Miongozo ya ufikivu ya W3C imekwisha agiza kwamba kitu kinachojiendesha zaidi ya sekunde 5 sambamba na maandishi mengine kiwe na njia ya kusimamishwa; na toleo la 2.2, lililotolewa Oktoba 2023, limeongeza kwamba jambo lifanywalo kwa kuburuta liweze kufanywa pia bila kuburuta, isipokuwa pale kuburuta kwenyewe ndiko kiini chake. Agizo hilo ni la haki. Mzee ambaye mkono wake unatetemeka hawezi kushika na kuvuta kwa wakati mmoja. Vitufe vinne vya wazi vyamtosha. Kitazamio kisicho na vitufe kimemfungia mlango, na yeye hudhani kuwa ujinga ni wake.

Jambo hili halikomei kwenye starehe. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 1981, na mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town umeyapima na kuyahifadhi kwa vyombo vya kisasa. Wengi wenye haki ya kuyajua hawatavuka bahari kuyafikia. Picha ndiyo safari yao. Katika Msikiti Mkuu wa Kilwa macho hutaka kupanda hata kuba. Panorama ya umbo la pipa, kama zile za kwanza za QuickTime VR, haina juu wala chini, na paa hukatwa. Ile ya umbo la mchemraba huonyesha yote, lakini kama kidhibiti hakijulishi kwamba yawezekana kuangalia juu, kuba imepotea vile vile.

Kiswahili husema “pale” kwa mahali panapoonyeshwa kwa kidole, na “humu” kwa mahali palipomzunguka msemaji. Picha ya kawaida ni ya pale. Panorama inataka kuwa ya humu. Mafundi wamekwisha fanya sehemu yao ya kuunganisha picha hata mishono isionekane. Kazi iliyobaki ni ya kuchagua matendo na majina yake, nayo haitafanyika vema mpaka yule anayeandika maneno ya vitufe aketi na fundi tangu siku ya kwanza, badala ya kuletewa orodha ya maneno ya kutafsiri siku ya mwisho.