Fundi wa Rejeta na Mlima wa Bugarama

Gari laweza kuzunguka Rohero, hapa Bujumbura, mwezi mzima likiwa na rejeta inayovuja, na mwenyewe asijue. Kutoka kanisa kuu la Regina Mundi hadi Boulevard de l'Uprona ni mwendo mfupi, na tone la maji ya kijani hukauka juu ya lami kabla mtu hajainama kulitazama. Siri hufichuka siku gari linapoishika barabara ya RN1 kuelekea Bugarama. Ndani ya kilomita zipatazo 35, barabara hupanda kutoka ufukwe wa Ziwa Tanganyika, kwenye meta 770 hivi juu ya usawa wa bahari, hadi mgongo wa milima unaopita meta 2,000. Huko ndiko boneti hufunguliwa kando ya njia, mvuke ukapanda, abiria wakabaki kutazamana.

Mlima huo huibana injini mara mbili. Kazi huwa nzito na mwendo mdogo, hivyo upepo wa kuipoza rejeta hupungua. Na kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyowahi kuchemka. Penye ziwa huchemka karibu na nyuzi 97. Bugarama hayafiki 94. Kinachoiokoa injini ni mgandamizo. Mfuniko wa rejeta huufungia ndani kwa springi yake, na maji yaliyobanwa hivyo hustahimili zaidi ya nyuzi 110 bila kuchemka. Tundu dogo kama ncha ya sindano, basi, linapoteza maji na pia linauachia mgandamizo, na maji yaliyobaki hugeuka mvuke.

Anayeumia zaidi ni yule ambaye gari lake ndilo nyumba yake. Wapo wasafiri wa mbali wenye magari yenye vitanda na majiko ndani. Lakini sisi tunamjua zaidi dereva wa lori, aliyetoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,500, akaingia Burundi kupitia mpaka wa Kobero. Kitanda chake kiko nyuma ya kiti, sufuria na blanketi vimo humo humo. Anapoupanda mlima kurudi, injini ikachemka, nyumba yake imesimama barabarani pamoja na mali ya watu.

Wengi wao hukimbilia Buyenzi, mtaa wa Waswahili na wa gereji, jirani na Rohero. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Fundi wa rejeta huanza kazi kabla ya methali hiyo, maana ufa wenyewe hauonekani.

Kwanza hungoja. Mfuniko haufunguliwi injini ikiwa moto, kwa kuwa maji yaliyobanwa yakiachiwa ghafla huruka na kuunguza uso. "Acha ipoe kwanza, mwanangu," humwambia kijana anayejifunza, na hilo ndilo somo la kwanza. Kisha hutazama. Chokaa nyeupe iliyokauka chini ya klipu humtajia mpira wa rejeta. Unyevu kwenye wota pampu una maana yake. Povu la rangi ya maziwa chini ya mfuniko wa oili humtia shaka juu ya gasketi ya silinda hedi. Asipoona kitu, huing'oa rejeta, huziba midomo yake, huizamisha kwenye maji na kuijaza upepo. Viputo vinapopanda, tundu limepatikana.

Kuziba nako kuna ustadi wake. Rejeta ya zamani ya shaba hukwanguliwa mpaka ing'ae, ikapakwa asidi, ikapashwa moto, kisha risasi ikaachwa iyeyuke na kujipenyeza. Moto ukizidi, viungo vya jirani huachia. Ukipungua, risasi hukaa juu bila kushika. Jicho ndilo linalopima. Rejeta nyingi za leo ni za aluminiamu zenye vichwa vya plastiki, hazikubali risasi, na fundi amelazimika kujifunza upya: kukunjua meno ya aluminiamu, kuweka mpira mpya, kuyabana tena bila kuyavunja.

Namheshimu zaidi fundi anayekataa njia ya mkato. Ni rahisi kumwaga unga wa kuzibia ambao huenda ukaziba na vijia vizima. Ni rahisi kung'oa themostati na kumwambia mwenye gari kwamba sasa injini itapoa. Lakini injini isiyofikia joto lake hula mafuta zaidi, na katika mji huu, ambao umezijua foleni ndefu za petroli, ushauri huo ni hasara. Fundi mwaminifu hutumia saa nzima kutafuta chanzo, hata kama kukirekebisha ni suala la kukaza klipu moja.

Kwa hiyo, wewe unayejiandaa kupanda Bugarama, tazama chini ya gari lako asubuhi kabla hujaliondoa. Kagua maji injini ikiwa baridi, tumia kulanti inayoikinga isiote kutu, na usiiweke mahali mtoto anapofika, kwani ni sumu yenye utamu. Ukiona mshale wa joto unapanda, simama mapema. Na ukifika kwa fundi, usihesabu dakika alizotumia kuziba tu. Mlipe pia saa aliyotumia kutafuta, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yenyewe.