Mstari wa Juu ya Kibao

Kibao cha kituo cha treni za chini ya ardhi New York ni cheusi, maandishi yake meupe, na karibu na ukingo wa juu hupita mstari mwembamba mweupe toka upande mmoja hadi wa pili. Mstari huo ulitokana na kutoelewana. Katika miaka ya 1960 mbunifu Massimo Vignelli na mwenzake Bob Noorda walichora vibao vyeupe vyenye maandishi meusi, vya kushikiliwa juu na ufito wa chuma. Karakana iliyovitengeneza ikaona ufito mweusi kwenye mchoro, ikadhani ni rangi, ikaupaka. Baadaye vibao vilipogeuzwa kuwa vyeusi, mstari nao ukawa mweupe. Upo hadi leo. Mpango ule ulikuwa imara kiasi kwamba hata kosa lilipoingia, lilifuata utaratibu.

Vignelli alizaliwa Milano, Italia, mwaka 1931, akasomea usanifu majengo huko na Venezia. Mwaka 1957 alimwoa Lella Valle, naye msanifu, na tangu hapo ni vigumu kutenganisha mikono yao. Walibuni vitabu, viti, vyombo vya mezani, hata mambo ya ndani ya kanisa la St. Peter's, Manhattan. Mwaka 1965 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kampuni ya Unimark, na mwaka 1971 yeye na Lella wakafungua ofisi yao New York.

Kazi ya vibao haikuanzia mezani. Noorda, ambaye tayari alikuwa amebuni vibao vya metro ya Milano, alishuka vituoni kufuatilia abiria: wanaingilia wapi, wanageukia wapi, wanasitasita wapi. Hapo ikapatikana kanuni ninayoiona kuwa kiini cha ufundi huu: mpe msafiri habari pale anapotakiwa kuamua, si kabla, si baada. Mtu anayeshuka ngazi hahitaji orodha ya treni zote za jiji. Anahitaji kujua kushoto au kulia. Mwaka 1970 kanuni hizo ziliwekwa katika mwongozo mmoja mnene, pamoja na vipimo vya herufi, mishale na nafasi kati ya neno na neno.

Mwaka 1972 ikatoka ramani ya Vignelli ya treni hizo. Itazame kwa utulivu. Kila njia ya treni ina rangi yake, na hakuna mstari unaojipindia ovyo; yote imenyooka, au imekata kona kwa nyuzi 45 au 90. Kila mahali treni inaposimama pana kitone cheusi juu ya mstari wake. Pasipo kitone, treni haisimami. Mistari minne inapokwenda bega kwa bega, kidole chako kinaweza kuufuata mmoja kutoka Bronx hadi Brooklyn bila kuupoteza. Ili kuufikia wepesi huo, mtu alikaa akafumua mtandao uliokuwa umefungamana kwa miongo kadhaa, akaupanga uzi baada ya uzi.

Wakazi wengi hawakuipenda. Central Park, ambayo urefu wake ni kama kilomita 4 na upana wake haufiki hata kilomita moja, kwenye ramani ilikuwa karibu mraba, tena ya kijivu. Maji yalikuwa na rangi ya mchanga. Mwaka 1979 ramani ikaondolewa, ikawekwa nyingine. Malalamiko yao yalikuwa na haki: mtu akishatoka kituoni huendelea kwa miguu, na ramani ile haikujua chochote kuhusu miguu. Vignelli alikuwa amejibu swali moja tu, la mtu aliye ndani ya treni, na akalijibu vizuri kuliko yeyote kabla yake. Baadaye aliona kwamba kosa lake lilikuwa kuziweka bustani na maji kwenye ramani ile.

Subira ile ya kupanga uzi baada ya uzi ilizaa matunda pia kwenye mbuga za taifa za Marekani. Mwaka 1977 alizitengenezea mpangilio wa vijitabu uitwao Unigrid: karatasi iliyogawanywa katika miraba, ukubwa wa aina chache, na utepe mweusi juu wenye jina la mbuga kwa herufi nyeupe. Picha, ramani na maelezo vyote vilijua makao yake. Mhariri hakulazimika tena kuanza upya kwa kila kijitabu, wala karatasi haikupotea bure wakati wa kukata. Utepe ule bado unawapokea wageni langoni.

Alitumia fonti chache mno. Mwaka 1991 alifanya maonyesho ya kazi zilizotumia fonti nne tu, na ukizitazama huoni upungufu. Kujinyima huko ni heshima kwa msomaji, kwa sababu kila urembo unaoongezwa humwongezea mgeni jambo la kupambanua kabla hajafika anakokwenda.

Vignelli alifariki New York Mei 2014. Lella akamfuata mwaka 2016. Kisha Aprili 2025 ramani ya mwaka 1979 nayo ikapisha nyingine mpya: mistari iliyonyooka, rangi zilizokolea, vitone vyeusi. Mgeni aliyeshuka leo asubuhi kwa mara ya kwanza anaweka kidole juu ya mstari wake, anahesabu vitone, anainua macho kwenye kibao, na anageuka upande ulio sahihi.