Tembo wa Tabora Asiye na Maneno

Babu hupanga sarafu zake juu ya kitambaa cheupe, kwa kufuata miaka. Huanza na pesa za shaba za kampuni ya Kijerumani, za 1890 hadi 1892. Zinafuata rupia za fedha zenye sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili, amevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake. Halafu zile heller zenye tundu katikati. Ya mwisho huitoa katika mfuko wa ndani wa koti.

"Shika ukingoni, mjukuu wangu. Usimguse tembo."

Ni rupia 15 ya dhahabu, iliyopigwa Tabora mwaka 1916. Hakuna sarafu nyingine katika mkusanyo wake, wala katika mkusanyo wowote niliowahi kuuona hapa Mpwapwa, inayoikaribia kwa bei. Mnadani ng'ambo hununuliwa kwa maelfu ya dola. Lakini bei haielezi kwa nini mkono unasita kuirudisha. Kwa hiyo niliomba kioo cha kukuzia, nikaisoma kama tunavyosoma utenzi darasani: fani kwanza, maudhui yatajitokeza yenyewe.

Nianze na upande wa tai, maana hauna mengi. Tai wa dola yuko katikati, taji juu yake. Maandishi yanamzunguka: DEUTSCH OSTAFRIKA, na chini 15 RUPIEN. Kati ya maandishi hayo kuna mapambo ya mikunjo, na hapo wakusanyaji sarafu hukodoa macho: katika baadhi ya sarafu mkunjo wa kulia unaishia chini ya herufi T ya OSTAFRIKA, katika nyingine unaishia chini ya A inayofuata. Ya Babu ni ya A. Tofauti hiyo ndogo inathibitisha kwamba muhuri wa kupigia haukuwa mmoja. Zaidi ya hapo, upande huu ni stakabadhi tu. Unataja mwenye mali na kiasi, basi.

Ila kuna jambo moja ambalo upande huu umelikosa, na ukishaliona huwezi kulisahau. Kaisari hayupo. Kwenye rupia za fedha alikuwa amejaa duara zima, na jina lake kwa Kilatini. Sisi tuliokua tukirusha shilingi na kuuliza "kichwa au mwenge?" tumezoea kwamba sarafu lazima iwe na kichwa. Hii haina. Pia haina Kiarabu. Zile pesa za shaba za mwanzo, zilizowalenga wafanyabiashara wa pwani, zilikuwa na maandishi ya Kiarabu na mwaka wa Hijria, kama 1307. Mgeni alipotaka kuaminiwa alijitahidi kuandika kwa herufi zilizosomwa na mwenyeji. Kufikia 1916 anazungumza lugha yake peke yake, na anasema maneno machache.

Sasa igeuze.

Tembo anaelekea kulia, mkonga ameuinua juu, nyuma yake milima ambayo wakusanyaji huiita Kilimanjaro. Chini ya ardhi anayoikanyaga kuna mwaka 1916 na herufi T, yaani Tabora. Hakuna neno lingine lolote. Hapa ndipo ustadi wote ulipo. Maandishi ndiyo huifungia picha ndani ya sarafu, yakiizunguka kama ua. Mchongaji ameuondoa ua. Mkonga unapanda kwenye nafasi tupu, na kwa kuwa juu yake hakuna herufi hata moja, jicho linauona mlio. Ungeweka pale jina la nchi au la mfalme, yule tembo angekuwa nembo kama nembo nyingine. Alivyo sasa ni mnyama anayelia porini.

Tena duara ni dogo, milimita 22 hivi, halizidi sana kucha ya kidole gumba changu. Katika nafasi hiyo mchongaji ametaka mlima uonekane uko mbali na mnyama yuko karibu. Amefanikiwa kwa kumwinua tembo kutoka kwenye uso wa dhahabu na kuuacha mlima ubaki bapa. Ukiizungusha sarafu taratibu karibu na dirisha, mwanga unampata tembo kwanza, begani, ndipo mlima ufuate. Wakusanyaji husimulia kwamba mihuri ilichongwa na sonara kutoka Ceylon. Ninaposhika kioo naamini. Huu ni mkono uliozoea vitu vya kuvaliwa mwilini, vinavyosogea, vinavyopata mwanga kutoka kila upande. Tai wa upande wa pili anaonekana amenakiliwa. Tembo ameonwa.

Na kuna pembe. Msomaji wa Berlin au London huenda asizitilie maanani, ila mtu wa Mpwapwa hawezi kuzipita. Kabla ya reli, mji huu ulikuwa kituo kikubwa katika njia ya misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora. Aliyeelekea bara alijaza maji hapa, kwa kuwa mbele yake kulikuwa na nyika kavu ya Marenga Mkali, kisha Ugogo na hongo zake, ushuru wa kupita. Aliyetoka bara alipita hapa akiwa na pembe begani. Tembo wa Unyamwezi na kwingineko walipita Mpwapwa hivyo, vipande vipande, juu ya mabega ya wapagazi, miaka nenda miaka rudi. Halafu Tabora ileile, mwisho wa njia ileile, inampiga tembo kwenye dhahabu akiwa mzima, pembe zimo kinywani. Na ukiilaza sarafu kama ramani, anaelekea mashariki, kuja huku. Sidhani kama mchongaji alikusudia hivyo. Lakini kazi ya sanaa husomwa pia kutoka mahali msomaji aliposimama, nami nimesimama hapa.

Historia ya sarafu hii ni fupi. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, manowari za Uingereza ziliifunga pwani, sarafu zikakoma kuja kutoka Ujerumani. Serikali ya koloni ikachapisha noti za muda, kisha ikaanza kupiga sarafu katika karakana ya reli Tabora. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, Iramba. Zilipigwa vipande 16,198 tu.

Haraka ya vita iko ndani ya metali yenyewe. Rupia 15 zilihesabiwa sawa na mark 20, na sarafu ya mark 20 ilikuwa na dhahabu tupu gramu 7.17 hivi. Sarafu ya Tabora ina uzito wa gramu 7.17 hizohizo, lakini dhahabu ni robo tatu tu, kama gramu 5.4. Iliyobaki ni mchanganyiko wa metali nyingine. Kwa hiyo maandishi ya upande wa tai yanaahidi zaidi kuliko mwili unavyobeba. Hili nalihesabu kuwa sehemu ya fani, kwa sababu linaeleza kwa nini upande mmoja umejaa taji na mapambo: ahadi isiyotimia inahitaji mihuri mingi. Upande wa tembo haudai kitu. Hauna namba ya thamani, na hauna deni kwa mtu.

Babu ana ndugu wa sarafu hii, senti za kimasikini zilizotoka karakana ileile mwaka uleule: heller 20 za shaba nyeupe na za shaba nyekundu. Za shaba nyeupe zilipigwa kutokana na maganda ya risasi na mizinga. Taji, herufi D.O.A. na mwaka upande mmoja. Upande wa pili, 20 HELLER. Hazina mnyama. Uzuri wake, kama upo, umo kwenye herufi L mbili za neno HELLER. Katika baadhi ncha za L zimejikunja, katika nyingine zimechongoka, na nyingine zimejikunja kwenye L moja tu. Nilizipanga tatu sambamba na kuona uchovu wa mafundi waliochonga mihuri ikachakaa, wakachonga tena. Na neno hilohilo ndilo lililoshinda vita. Rupia imebaki kwenye hadithi za wazee, taji limekwenda, lakini nenda sokoni asubuhi uulize bei ya nyanya, utasikia mama anamwambia mteja, "Leta hela." Heller imo vinywani mwetu kila siku.

Narudi kwenye dhahabu, maana kuna kovu sijalitaja. Juu kabisa ukingoni, penye taji la tai, pamekwaruzika na kung'aa kuliko kwingine. Bibi yake Babu aliivaa shingoni, na sonara aliilehemu pete hapo. Pete ilitolewa baadaye, kovu likabaki. Kwa mnunuzi wa mnada hiyo ni hasara kubwa. Mimi naitazama pande zote mbili na kuona kwamba tai amelika zaidi: taji limekaribia kufutika, herufi za juu zimefifia. Tembo karibu amesalimika. Yule bibi alivaa tai akielekea kifuani na tembo akielekea watu. Hakuwa msomi wa sarafu, na hukumu yake juu ya upande upi una sanaa ndiyo yangu.

Zipo sarafu zetu zenye tembo baada ya hapo. Ile shilingi 20 yenye sura ya rais wa zamani Mwinyi ina tembo na mwanawe, na thamani yake imeandikwa kwa Kiswahili, jambo ambalo Tabora haikulifanya. Naithamini kwa hilo. Kwa uchongaji, bado haijamfikia huyu aliyepigwa katika karakana ya reli.

Agosti 1916 Mpwapwa ilitekwa. Tarehe 19 Septemba Wabelgiji wakaingia Tabora, na upigaji sarafu ukaisha.

Kama nyumbani kwenu ipo sarafu ya zamani, kwenye sanduku la bibi au chini ya godoro, usiisugue kwa majivu wala ndimu ili ing'ae, na usimpe sonara aiyeyushe. Kila msuguo unaondoa sehemu ya mchoro ambayo hairudi. Ishike ukingoni, isogeze penye mwanga wa dirisha, uisome.