Dhahabu ya Sekenke katika Kipindi cha Dakika 40

Historia kwa watoto wadogo hupangwa kwa duara zinazopanuka. Mtoto anaanza na nafsi yake na familia, anatoka kwenda shuleni, anaingia kijijini au mtaani, anapanda wilaya na mkoa, anafika taifa. Mpango huu ulipata umaarufu Marekani katika karne iliyopita, hasa kupitia Paul Hanna wa Chuo Kikuu cha Stanford, na leo unaonekana karibu kila nchi inayofundisha maarifa ya jamii. Afrika nayo ilikuwa na kikao chake. Agosti 1968 wajumbe wa nchi 11, Tanzania ikiwemo, walikutana Mombasa na kuweka msingi wa kufundisha historia, jiografia na uraia kama somo moja. Tangu hapo masomo hayo yameunganishwa na kutenganishwa zaidi ya mara moja. Katika mtaala ulioanza kutekelezwa Januari 2024, mtoto wa darasa la tatu anasoma Historia ya Tanzania na Maadili, na jiografia imekwenda zake na mazingira.

Majina ya masomo hayanisumbui. Ninachotaka kukipima ni duara zenyewe, na Kiomboi, makao makuu ya Wilaya ya Iramba, ni mahali pazuri pa kuzipimia.

Kasoro ya kwanza ni kwamba duara hizi hupima mahali, ilhali historia ni habari ya wakati. Kutoka nyumbani hadi makao makuu ya wilaya mtoto wa hapo anakwenda kwa miguu. Kutoka leo hadi 1907 hakuna njia anayoijua. Kasoro ya pili iko katikati. Kitabu cha Taasisi ya Elimu Tanzania ni kimoja, na kinasomwa Kiomboi, Kilwa na Kyerwa. Hakiwezi kueleza kila wilaya, kwa hiyo ngazi hiyo anaachiwa mwalimu. Mwalimu mwenye darasa lililofurika na azimio la kazi lililochelewa huiruka, na mtoto anatoka kwenye ukoo wake moja kwa moja hadi Majimaji.

Iramba ina kitu cha kuziba pengo hilo. Mwaka 1907, enzi za Wajerumani, dhahabu iligunduliwa Sekenke, upande wa magharibi wa wilaya, na miaka miwili baadaye mgodi ulikuwa ukizalisha. Watoto wa Kiomboi wanaijua Sekenke kwa mlima wake na malori yanayohema kuupanda, na wengi wana mjomba au jirani aliyewahi kushuka kwenye duara, yaani shimo, la wachimbaji wadogo au kusaga mawe kwenye karasha. Wasichokijua ni kwamba dhahabu ya mlima huo iligeuzwa pesa.

Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto, manowari za Uingereza zilifunga pwani na sarafu hazikuweza tena kuletwa kutoka Ujerumani. Serikali ya kikoloni ilichapisha noti za dharura, na kwa kuwa reli ilikuwa imefika Tabora tangu 1912, karakana ya reli ya hapo ikatumika kupiga sarafu za dhahabu mwaka 1916. Zilitoka 16,198, kila moja ya rupia 15, uzito gramu 7.168, na robo tatu ya uzito huo ikiwa dhahabu halisi. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji waliuteka mji.

Sasa tuingie darasani. Mwalimu akiandika 1916 ubaoni na kutaka ikaririwe, kipindi kimekufa. Mtoto wa miaka tisa hutambua kipi kilitangulia na kipi kilifuata mapema kuliko anavyoelewa karne. Ngazi anayoweza kuipanda ni ya watu. Chukua mtoto aliyezaliwa 2015 na kadiria miaka 25 kwa kila kizazi: mama 1990, bibi 1965, mama wa bibi 1940, bibi wa bibi 1915. Hatua nne tu, na sarafu inapigwa Tabora wakati bibi wa bibi yake anajifunza kutembea. Ngazi hiyo ichorwe kwa chaki sakafuni, kila mtoto asimame kwenye kizazi alichopewa, kisha matukio yawekwe miguuni pao: reli, sarafu, Uhuru 1961, Muungano 1964. Uhuru unaangukia kati ya mama wa bibi na bibi, na hapo watoto wenyewe huanza kubishana nani alikuwepo na nani hakuwepo. Ubishi huo ndio somo.

Hatua inayofuata ni picha ya sarafu, hata ikiwa ni mchoro wa mwalimu kwenye chati. Upande mmoja kuna tembo mbele ya mlima, mwaka 1916 na herufi T ya Tabora. Upande wa pili kuna tai wa dola ya Ujerumani na jina la koloni kwa Kijerumani. Maswali yaanzie kwenye kinachoonekana: Mnyama gani? Herufi hii ya nini? Baadaye ndipo yaje ya kisichoonekana: nani alichimba, na mbona mchimbaji hayumo? Mtoto anayeuliza swali hilo la mwisho tayari anasoma ushahidi.

Kuunganishwa kwa historia na maadili kunanitia mashaka hapa. Maadili yanataka shujaa wa kuigwa, na shujaa huja na hukumu yake tayari. Sekenke haina shujaa wa kitabuni. Ina mnyororo wa sababu: meli zimezuiwa, pesa zimeadimika, reli ipo, dhahabu ipo jirani. Kadi nne zenye sentensi hizo, zikichanganywa na vikundi vikatakiwa kuzipanga, hutosha dakika 40.

Kieran Egan, mwalimu wa elimu wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, aliupinga mpango wa karibu-kwenda-mbali. Kwake, mtoto mdogo huelewa vizuri hadithi za mbali zenye woga na ujasiri, na anachoshwa na habari za mtaa wake. Ana haki, na bibi yeyote msimulizi angemuunga mkono. Ila Sekenke haimpingi: ni karibu kwa mahali na mbali kwa wakati, na ina vita, hazina na mji uliotekwa.

Kikwazo kilichobaki ni upimaji. Mtihani wa taifa wa darasa la nne ni mmoja nchi nzima, hivyo hauwezi kumtegea mtoto wa Newala swali la Sekenke. Somo hili litaishi kwenye tathmini endelevu ya shule, pale mwalimu anapotunga mwenyewe. Na atunge swali la kupanga zile kadi nne na kueleza kwa nini ya kwanza ni ya kwanza, mwaka ukiwa umeandikwa tayari kwenye karatasi.